Heri kuudhi kuliko kukwaza

Barua za wasomaji ni za namna mbili. Kuna zile za kusifu, nazo aghalabu huwa fupi, mistari minne au mitano, kisha salamu. Na kuna zile za kulaumu, ambazo hujaza kurasa tatu mbele na nyuma, na mwandishi wake akiishiwa na nafasi huendelea pembeni mwa karatasi. Katika hizo za pili, iko lawama moja inayonifikia kila niyagusapo mambo ya kanisa: kwamba mtu anayejiita Mkristo hafai kuandika neno litakalomuudhi msomaji. Mzee mmoja wa kanisa alinena hivi: “Mwanangu, kalamu yako ina makali kuliko wembe. Kondoo wakiisha kukimbia zizini utamwandikia nani?”

Swali la mzee huyu ni la haki, na sidhani kwamba linajibika kwa kauli moja ya kijuujuu. Wako waandishi wanaojiona mashujaa kwa sababu tu wamekasirikiwa, kana kwamba hasira ya msomaji ni cheti cha ukweli. La, hasha! Mtu anaweza kuchukiwa kwa kuwa amesema kweli, na anaweza vilevile kuchukiwa kwa kuwa ni mfidhuli asiye na adabu. Kwa hivyo inafaa tulichambue neno lenyewe kabla ya kutoa hukumu.

Kiswahili chetu, kwa utajiri wake, hakina neno moja tu la jambo hili. Tuna kuudhi, kuchukiza, kutusi, kukera, na tunalo pia neno zito kuliko yote hayo, nalo ni kukwaza. Anayeudhiwa hukunja uso. Anayekwazwa huanguka. Kikwazo ni kisiki kilichoachwa njiani, na aendaye gizani hakioni mpaka kidole cha mguu kimekwisha kutoka damu.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba katika Kiyunani, lugha iliyoandikiwa Agano Jipya, kitenzi ni kimoja tu, nacho kimetokana na jina la kile kijiti cha mtego ambacho mnyama akikigusa hunaswa. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ile iitwayo Union Version, iliyochapishwa mwaka 1952, walikutana na kitenzi hicho katika Injili ya Mathayo, mlango wa 15, pale wanafunzi wanapomjia Yesu kumwarifu kwamba Mafarisayo hawakufurahishwa na maneno yake. Hapo waliandika kwamba Mafarisayo walichukizwa. Wakakutana nacho tena katika waraka wa kwanza wa Paulo kwa Wakorintho, mlango wa 8, anapozungumzia nyama iliyotolewa sadaka kwa sanamu, na kuapa kwamba yuko tayari kuiacha nyama milele kuliko kumwangusha ndugu aliye dhaifu. Hapo hawakuandika kuchukiza. Waliandika kukwaza.

Sijui kama msomaji wangu anaiona hekima iliyomo humo. Wafasiri wale walitambua kwamba Farisayo aliyesomeka sana, mwenye cheo, anayekaa viti vya mbele, akisikia neno la kumchoma huchukia tu. Hana hatari ya kuanguka popote. Lakini yule mwongofu wa juzi wa Korintho, ambaye jana alikuwa akisujudia sanamu, akimwona mwalimu wake akila nyama ile, dhamiri yake yote huyumba. Yesu hakuomba radhi kwa Mafarisayo. Paulo aliiacha nyama. Wote wawili walikuwa sawa, na hakuna mgongano wowote baina yao, maana walikuwa wakishughulika na watu wa aina mbili.

Basi tunapoambiwa tusiwaudhi wasomaji, swali la kwanza ni hili: msomaji yupi? Je, ni yule aliye dhaifu, ambaye neno la kejeli litamvunja moyo asirudi tena kanisani? Au ni yule aliyekalia kiti cha mbele? Uzoefu wangu ni kwamba wanaoandika barua za kurasa tatu aghalabu huwa wa viti vya mbele. Wadhaifu hawaandiki barua. Wao huondoka kimyakimya, na hakuna mhariri anayepata habari.

Nitatoa mfano nilioushuhudia mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita jarida la kanisa moja, ambalo halina haja ya kutajwa, liliniomba makala juu ya harambee. Niliandika kurasa nne. Nilisifu moyo wa kutoa, nikaeleza jinsi makanisa mengi ya nchi hii yalivyojengwa kwa senti za wajane, kisha katika aya moja nikauliza iwapo kamati ya ujenzi hupata kujua zilikotoka noti za yule mgeni wa heshima anayefika na mkoba siku ya Jumapili. Sikutaja mtu. Mhariri, kijana mwungwana sana, alinipigia simu jioni. “Mwalimu,” akaniambia, “makala ni nzuri mno, ila ile aya tuiondoe.” Nikamuuliza kisa na maana. Akasita, halafu akasema, “Wazee watajua ni nani.” Nilimjibu kwamba ikiwa watajua ni nani bila ya mimi kumtaja, basi aya ile haikuwaarifu jambo lolote jipya. Makala haikuchapishwa. Mahali pake paliwekwa picha ya kwaya.

Simlaumu kijana yule kupita kiasi. Alikuwa na mwajiri. Lakini naomba tuone kilichotendeka. Aliyelindwa asiudhike alikuwa mtu mmoja mwenye mkoba. Waliokwazwa, kama wapo, ni vijana wa kanisa lile ambao humwona mgeni yuleyule magazetini akitajwa katika kashfa siku za kazi, kisha wakamwona akipewa maikrofoni madhabahuni siku ya ibada.

Nchi hii ina historia ndefu ya Wakristo waliokubali kuudhi. Wengi wa wasomaji vijana hawaijui, na wazee wameanza kuisahau. Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, lilikuwa na gazeti la Kiingereza lililoitwa Target na dada yake wa Kiswahili aliyeitwa Lengo. Miongoni mwa waliopata kuwa wahariri wa Target ni Henry Okullu, ambaye mwaka 1974 alikuja kuwa askofu wa Maseno Kusini. Sishangai hata kidogo kwamba askofu aliyekuja kunguruma dhidi ya utawala wa chama kimoja alianza kwa kuketi kwenye meza ya mhariri. Kwenye meza ile ndiko mtu hufunzwa kwamba neno likishachapishwa halifutiki kwa tabasamu wala kwa kupeana mikono mlangoni mwa kanisa.

Baadaye NCCK ilikuwa na jarida la Beyond, chini ya uhariri wa Bedan Mbugua. Itakumbukwa kwamba mwaka 1988 wapiga kura wa KANU walipangwa foleni nyuma ya wagombea wao ama picha zao, ule utaratibu ulioitwa mlolongo, na kwamba mahali kwingi foleni ndefu ilishindwa na foleni fupi. Watu waliona kwa macho yao, mchana kweupe. Beyond iliyaandika yale ambayo kila mtu alikuwa ameyaona, na kwa kosa hilo ikapigwa marufuku mwaka uo huo. Mhariri wake alifikishwa mahakamani akashtakiwa kwa kutowasilisha taarifa za mauzo ya jarida, akahukumiwa kifungo cha miezi 9. Taarifa za mauzo! Hata waliomshtaki hawakuthubutu kusema kwamba aliyoyaandika yalikuwa uongo.

Viongozi waliosema kwa mdomo yaliwakuta mengine. Askofu David Gitari alikuwa na desturi ya kuchukua kitabu kimoja cha Biblia na kukieleza aya kwa aya, bila ya kupayuka. Mwaka 1987 alihubiri juu ya Danieli na hila walizomfanyia wakubwa wenzake wa serikali. Hakuhitaji kumtaja waziri yeyote, maana kila aliyesikia alijaza majina mwenyewe. Usiku mmoja wa Aprili 1989 majambazi waliivamia nyumba yake Kirinyaga, naye akaponea juu ya paa huku majirani wakiitikia mayowe. Mchungaji Timothy Njoya, katika mahubiri ya Mwaka Mpya wa 1990, aliuliza iwapo upepo ulioangusha tawala za Ulaya Mashariki hautavuma Afrika, na kwa wiki kadhaa wanasiasa hawakuwa na kazi nyingine ila kumlaani. Agosti ya mwaka huohuo, Askofu Alexander Muge wa Eldoret alitishwa hadharani na waziri mmoja kwamba akitia mguu Busia huenda asitoke akiwa hai. Alikwenda. Alikufa katika ajali ya barabarani akiwa njiani kurejea.

Siyasemi haya ili kumfanya kila mwandishi wa safu ajione Muge. Sisi wa siku hizi hatujahatarisha lolote la kufananishwa na hayo; tunachohofia ni simu ya mhariri na barua ya kurasa tatu. Nayasema kwa sababu ya yale yaliyofuata. Mwaka 1992, ghasia za kikabila zilipowaka katika Bonde la Ufa na Magharibi, NCCK ilichapisha ripoti iliyoitwa The Cursed Arrow, ikasema wazi kwamba ghasia zile zilikuwa zimepangwa. Ripoti hiyo iliwaudhi wakubwa. Miaka 15 baadaye, katika uchaguzi wa Desemba 2007, sauti ile ilikuwa imegawanyika. Kila kiongozi wa dini alikuwa na mgombea wake, na mara nyingi mgombea huyo alikuwa mtu wa kwao. Januari 1, 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto likiwa na watu ndani waliokuwa wamelikimbilia, wengi wao wanawake na watoto. Mwezi uliofuata NCCK ilijitokeza na kukiri mbele ya taifa kwamba viongozi wa kanisa walishindwa kuyakabili mambo kwa kuwa walikuwa wameegemea pande.

Hebu tulifikirie jambo hili kwa makini. Si kwamba kabla ya uchaguzi ule Wakristo hawakuandika wala kusema maneno makali. Waliyasema kwa wingi! Lakini kila mmoja aliwakemea wale ambao hawakuwamo katika kusanyiko lake. Wa upande huu walikemea dhambi za upande ule, na wa upande ule wakajibu vivyo hivyo, na kila mahali watu waliitikia amina. Huo ndio ugonjwa wenyewe. Mwandishi Mkristo wa zama hizi anaudhi sana, ila anawaudhi watu wasiomsoma. Mprotestanti huwaandikia Waprotestanti juu ya makosa ya Wakatoliki. Wa makanisa ya kale huwacheka wa makanisa ya kiroho kwa makelele yao, na wa kiroho huwaita wa kale kaburi lililopakwa chokaa. Wako pia wanaoandika kwa dharau juu ya Uislamu, tena katika majarida yanayosomwa na Wakristo watupu, kisha hujipongeza kwa ujasiri. Kuna ujasiri gani katika kumtukana jirani huku umejifungia ndani ya nyumba yako?

Nabii Amosi aliujua ugonjwa huu vyema kuliko sisi. Alikuwa mchungaji wa mifugo kutoka Tekoa, katika ufalme wa kusini, akatumwa kwenda kunena kaskazini, katika Israeli. Atazame msomaji jinsi alivyoupanga ujumbe wake katika milango miwili ya kwanza ya kitabu chake. Alianza na Dameski, kisha Gaza, kisha Tiro, akaja Edomu, Amoni na Moabu. Majirani wote, maadui wote, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja na hukumu yake. Nawaona kwa macho ya moyoni wasikilizaji wake wakitikisa vichwa kwa furaha: naam, huyu ni nabii kwelikweli! Halafu akaitaja Yuda, nyumbani kwake mwenyewe, na bila shaka hapo walizidi kumpenda. Kisha, wakiwa wamekwisha kuitikia mara 7 kwamba Mungu ni mwenye haki, akawageukia wao. Akawaambia habari za maskini anayeuzwa kwa ajili ya jozi ya viatu. Kuhani Amazia wa Betheli alimwambia afungashe virago arudi kwao akatafute chakula chake huko. Kwa lugha ya leo, Amazia alikuwa mhariri aliyeombwa aiondoe ile aya.

Natani naye alitumia njia nyingine. Mfalme Daudi alikuwa amemtwaa mke wa mtu na kumwua mume. Natani hakuingia ikulu akipiga kelele. Alisimulia kisa cha tajiri mwenye makundi ya kondoo aliyemchinja kondoo jike wa pekee wa jirani yake maskini. Daudi akawaka hasira juu ya tajiri yule, na hasira ikiwa bado mbichi, Natani akamgeuzia kioo. Nawapenda sana manabii hawa wawili kwa sababu hawakumdharau msikilizaji. Walijua kwamba mtu hujilinda, walijua mlango wa mbele una komeo, wakatafuta dirisha. Mwandishi anayeanza makala kwa matusi humpa msomaji kisingizio cha kuliweka gazeti chini kabla ya kufika kwenye neno lenyewe.

Kwa hiyo namuunga mkono mzee wangu wa barua katika jambo moja: makali ya kalamu si fadhila yenyewe. Yako mambo ambayo mwandishi Mkristo, kwa maoni yangu, hana ruhusa ya kuyafanya hata kama ni kweli tupu. Kuianika aibu ya mtu binafsi asiye na mamlaka juu ya yeyote ni mojawapo. Binti aliyepata mimba katika kwaya si mada ya makala. Mweka hazina aliyekula fedha za jengo ni mada, maana fedha zile zilikuwa za watu. Kumcheka mgonjwa aliyekwenda kuombewa ni ukatili. Kumhoji anayemwambia atupe dawa zake ni wajibu. Nami huwa na desturi ya kumpa mtu mmoja asiyekubaliana nami makala yangu aisome kabla haijatoka. Simpi ili anipe kibali. Nataka tu aniambie kama aliyojisoma mle ndani ni yeye, au ni sanamu niliyoichonga ili niipige mawe.

Paulo mwenyewe aliwahi kuwaandikia Wakorintho barua kali, na katika waraka wa pili, mlango wa 7, anaeleza jinsi alivyotaabika baada ya kuituma. Kwa muda alijuta, kwa kuwa alijua imewahuzunisha. Baadaye akafurahi, kwa kuwa huzuni ile iliwaleta kwenye toba. Nimeurudia mlango huo mara nyingi. Mtu anayeweza kuandika neno kali kisha akalala usingizi mnono usiku huohuo, huyo namwogopa. Na yule ambaye kwa kuogopa usiku huo haandiki kabisa, huyo naye namwogopa.

Maana gharama ya kunyamaza tumekwisha kuiona. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu ambao, kwa mujibu wa wachunguzi, waliambiwa kwamba wakifunga hadi kufa watamwona Mwokozi. Watoto walikuwamo. Mhubiri aliyehusishwa na maafa hayo alishtakiwa na akakana mashtaka, na hilo ni la mahakama. Ninalotaka kusema ni hili: mafundisho yake hayakuwa siri. Alikuwa amekwisha kukamatwa mwaka 2017, na tena mwaka 2019, kwa sababu ya mambo aliyokuwa akiwafundisha watu juu ya shule na watoto. Wapo Wakristo waliosikia na wakaona kwamba kuna dosari. Lakini tumelelewa tukiambiwa kwamba mtumishi wa Mungu haguswi wala hahojiwi, na anayemhoji anajitafutia laana. Tukachelea kuwaudhi wafuasi wake. Wafuasi wale ndio waliofukuliwa.

Narudi kwenye suala la fedha, kwa kuwa ndilo linaloniletea barua nyingi kuliko yote. Septemba 2021 Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana, Jackson Ole Sapit, alitangaza kwamba wanasiasa hawatazungumza tena madhabahuni mwa makanisa yake. Wako waliompongeza na wako waliouliza nani sasa atakayeezeka mabati. Novemba 2024 maaskofu wa Katoliki walitoa taarifa ya kuishutumu serikali, wakataja waziwazi utamaduni wa uongo. Siku chache baadaye Rais alihudhuria misa katika kanisa la Katoliki la Soweto, Nairobi, akatoa shilingi 2.6 milioni kwa ajili ya kwaya, baraza la parokia na nyumba ya padri, pamoja na ahadi nyingine, basi likiwemo. Kesho yake, Askofu Mkuu Philip Anyolo aliagiza fedha zirudishwe na ahadi zikataliwe.

Watu wengi walidhani aliyeudhiwa siku ile ni Rais. Mimi nawafikiria wale wa Soweto. Jumapili walipiga vigelegele. Jumatatu nyumba ya padri ilikuwa imerudi kuwa mchoro kwenye karatasi, na basi limetoweka kabla ya kununuliwa. Hao ndio waliokuwa wasomaji wa Askofu Mkuu, kondoo wa zizi lake mwenyewe, nao ndio waliolipia uamuzi wake. Angeweza kuandika waraka mwingine wa kuikemea serikali, na wangemshangilia. Alichagua kuligusa lile lililokuwa tayari limo mikononi mwao, akawaambia hapana, kisha akawaachia wao wenyewe kazi ya kujenga ile nyumba kwa sadaka ya kila Jumapili.